Kochi la Watu Wawili

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina lake Yeye asiyesinzia. Sisi huku hatujambo, ila vile vijambo vidogo vidogo ambavyo usipovitaja navyo vinanuna. Shemeji yako anakusalimu. Bado anatengeneza saa za watu, na nyumba nzima ina saa kumi na saba, wala hakuna mbili zinazokubaliana. Nikitaka kujua wakati natoka nje nikatazame kivuli. Cherehani yangu nayo nzima, namshukuru Mungu, nilibadilisha mkanda mwezi uliopita. Mjomba anasema barua zako zina makosa ya herufi kubwa. Nimemwambia karani hastaafu, anahamishia ofisi nyumbani.

Sasa jambo lenyewe. Nilimpeleka Mama kwa daktari wa macho. Alimwangalia kwa tochi, akaniita pembeni, akasema ukungu ule unazidi, na kwa umri wake hawatathubutu kumpasua. Mpaka mwisho wa mwaka huenda akawa anaona vivuli tu. Mama hakuuliza tulizungumza nini. Njiani akaniambia, "Kabla hayajafunga, natamani niwaone watu wangu wamekaa pamoja chumba kimoja kama watu wenye akili."

Watu wake ni wangapi? Ni mimi, wewe, shemeji yako, Mjomba, na Mama Mdogo. Hapo kwa Mama Mdogo ndipo penye mwiba. Unajua yote, lakini nikiyaandika roho inapungua uzito. Ni mwaka wa nane sasa tangu siku ya kumuaga Mjomba kazini, tulipopiga ile picha ya pamoja, na kilemba cha Mama kikamfunika mdogo wake. Kilichoonekana ni jicho moja, tundu moja la pua, nusu mdomo. Basi. Tangu siku hiyo ndugu wa tumbo moja, ukuta kwa ukuta, hawasemezani. Mimi ndiye mjumbe. "Mwambie mama yako jogoo wake amevuka." "Mwambie mama yako mdogo jogoo hana ramani."

Barua yako iliyopita ulisema huko karakana mnachora picha za watu wa heshima wakiwa wamekaa wanakunywa chai na kuzungumza. Nimefikiri hivi: kama hawataki kukaa pamoja kwa miili yao, huwezi kuwakalisha kwa rangi? Mama akiiona hiyo, hata macho yakifunga yatafunga yameshiba.

Nijibu upesi. Na usiache kusali.

Dada yako

11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kimeisha. Mwambie Mjomba herufi kubwa nimezisikia.

Inawezekana, na imekuja kama imetumwa. Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyo, usije ukadhani tunakaa mbele ya watu tukiwatazama kama manabii. Hapa tunachora miili kwanza. Sebule nzuri, mapazia, meza ya chai, mabwana na mabibi waliovaa wakapendeza, kila mmoja na mkao wake, lakini shingoni hakuna uso, ni duara jeupe tu. Mteja anakuja, anachagua sebule, anatuletea sura za watu wake, tunazipachika. Ndiyo maana wakubwa wengi wa mji huu wana mabega yanayofanana.

Sasa ipo picha moja kubwa imeegemezwa ukutani mwaka mzima. Aliiagiza tajiri mmoja kwa ajili ya ukoo wake, halafu wakagombana nani akae kwenye kochi, wasirudi tena. Bwana Mkubwa wa karakana ameniambia niichukue kwa sababu inaziba njia ya chooni.

Ina miili mitano na mbwa. Kuna mtu mnene amesimama na glasi, kifua mbele: huyo Mjomba amezaliwa naye. Kuna mwembamba ameketi anatazama saa ya mfukoni: sina haja ya kusema. Kuna mwanamke amesimama kando ya kinanda. Na katikati kuna kochi la watu wawili, mabibi wawili wazima wamekaa bega kwa bega. Mbwa yuko chini, amelala.

Mimi sihitaji kiti, mchoraji yuko nje ya picha siku zote. Kwa hiyo miili mitano, watu watano, imetosha kama soksi. Nitumie sura zenu, ziwe za karibu, na gauni la kila mwanamke uniambie rangi, niwavishe mnachokijua.

Kuhusu lini nitakuja, tutaona.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. "Tutaona" nimeiona, nimeiweka pale nilipoweka zile nyingine sita.

Sisi wazima. Jirani amenunua redio, kwa hiyo sote tunayo. Mama anasali na kulala vizuri, ila juzi alimsalimia mwavuli.

Kazi ya kukusanya sura imenitoa jasho kuliko kushona sare za shule. Mjomba alinipa picha ya siku alipoajiriwa. Nikamwambia, "Mjomba, hii ina nywele." Akasema, "Nywele ni zangu, ziko likizo." Nimemnyang'anya ya kitambulisho cha ustaafu na nimekutumia zote mbili, uamue na dhamiri yako. Shemeji yako hakuwa na neno, isipokuwa anataka ile saa ya mfukoni ionyeshe wakati sahihi. Nikamuuliza sahihi ya saa ipi.

Mama alikubali kabla sijamaliza sentensi, halafu akauliza, "Nitakaa na nani?" Nikasema kochi ni pana. Akasema, "Pana kiasi gani?" Nikaenda kuangalia sufuria jikoni.

Kwa Mama Mdogo nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia, "Nusu ya uso wangu si mnayo? Nusu nyingine kaiombeni kwenye kilemba cha mama yenu." Mara ya pili alijifanya hayupo, na mimi namwona miguu chini ya pazia. Mara ya tatu nilimshonea kola bure, nikakaa, tukazungumza habari za watu wengine mpaka akalainika. Akatoa picha ya kitambulisho. Akasema, "Ila nina sharti. Mbele yangu asikae mtu. Wala kilemba, wala ua, wala huyo mbwa." Nikamuuliza atavaa nini. Akasema, "Lile la kijani ulilonishonea siku ile. Wewe ulitaabika, halafu halikuonekana. Angalau na wewe kazi yako ionekane."

Basi ni hayo. Mama gauni lake la bluu lenye nukta. Sura nne ziko ndani ya bahasha, nimeziweka katikati ya kadibodi.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Sura nne zimefika, kadibodi imekunjika lakini watu wazima. Mbwa nimemsogeza chini ya kinanda kwa heshima ya Mama Mdogo.

Kuna jambo sikukuambia kuhusu wale mabibi wa kwenye kochi. Wameshikana mikono. Mmoja ameweka kiganja chake juu ya cha mwenzake. Usiniambie nifute. Viganja hivyo nilikaa navyo siku tisa, ndiyo kazi bora niliyofanya tangu nifike huku, na ninyi wenyewe mkiniletea ugomvi wenu siwezi kuwakata watu mikono. Kama hawataki, waambie waachane wenyewe.

Na sura nne si tano. Yako iko wapi? Yule mwanamke wa kando ya kinanda bado ana duara jeupe, na kila ninapopita naona kama ananiuliza mimi. Mbona wewe ndiye uliyeanzisha shughuli hii, halafu hutaki kuonekana?

Nakuuliza taratibu, dada. Siku ile ya picha mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha, namshikia kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Niliwaona nyote kama mnavyoonekana.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Shemeji yako mzima. Mjomba mzima. Hali ya hewa nzuri. Sina salamu nyingine.

Kiuno cha yule mwanamke wa kinanda nilikiaga zamani, nilikuwa nikuandikie hivyo, tucheke, yaishe. Lakini nimetoka kusali asubuhi hii na kila nikifumba macho naona kitambaa chako cheupe. Basi nisikilize, na ukimaliza uichome barua hii.

Lile gauni la kijani la Mama Mdogo nilililaza meza moja na gauni la mteja mwingine. Nilikuwa nimeshona siku mbili bila kupumzika. Nikakata mkono wa kulia kwa kipimo cha Mama Mdogo, na wa kushoto kwa kipimo cha yule mteja. Niligundua asubuhi ya sherehe, amekwisha kulivaa, anajizungusha mbele ya kioo, ananishukuru. Mkono mmoja unafika kwenye kifundo, mwingine umeishia njiani. Kitambaa cha ziada hakuna. Nikanyamaza. Nikamwambia akunje kiwiko, ndiyo mtindo.

Tulipojipanga kwa picha nikaona ule mkono mfupi umekaa mbele kabisa, karibu na lenzi, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimebandika kibao cha ufundi mlangoni. Nikajipenyeza nyuma ya Mama nikamnong'oneza, "Mama, sogea kulia kidogo." Akasogea. "Kidogo tena." Mama maskini akasogea tena, maana ananiamini. Kilemba chake kikaenda naye.

Mkono wa gauni ulifichika. Na uso pia.

Mama hajui kwa nini nilimsogeza. Siku alipolaumiwa alinitazama mara moja tu, akaona kimya changu, akadhani nimesahau. Miaka minane napeleka habari za jogoo kati ya watu wawili niliowagombanisha mimi. Naongoza sala ya kina mama kila Jumatano, nawaombea walioficha dhambi, wanaitikia "amina", na mimi naitikia ya kwangu kwa sauti kubwa zaidi. Sasa nikakae kwenye picha kati yao, natabasamu?

Nakuomba kitu kimoja, kwa mapenzi ya mama yetu. Gauni la kijani lichore, lakini mikono ya gauni iwe sawasawa. Mchoraji ana nafasi ambayo fundi cherehani hana. Mwanamke wa kinanda mpe uso wowote.

Dada yako

28 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Nimepokea barua zako tatu fupi za kuniuliza kama nimekufa. Sikufa, nilikuwa na aibu.

Umenifungulia sanduku lako, na mimi nikufungulie langu. Kwa miaka saba nimewaandikia kwamba mimi ni mchoraji wa sura za wakubwa. Si kweli. Sura anachora Bwana Mkubwa peke yake. Mimi ni mtu wa mikono. Mikono, vikombe, na mikunjo ya nguo. Naletewa mwili, nauwekea vidole, unaondoka. Ndiyo maana sikuwahi kuja: nilijua Mjomba ataniweka kitini aseme, "Haya, nichore." Hii picha yenu ndiyo ya kwanza niliyopaka nyuso kwa mkono wangu. Nilizifuta mara nane. Kwa hiyo nyuso siziahidi.

Picha imetoka leo na dereva wa lori la magodoro, imefungwa katikati ya magodoro mawili, inasafiri vizuri kuliko mimi.

Yule mwanamke wa kinanda sikumpa uso wowote. Nimemgeuza, anatazama dirishani.

Kuhusu ombi lako nimefikiri sana. Niliuona ule mkono wa gauni siku ile, dada. Nilikuwa kijana wa kuangalia mikono hata kabla sijalipwa kwa hilo. Mtu kama mimi akichora mkono ambao hakuuona, hana kazi iliyobaki duniani.

Usinichukie.

Mdogo wako

5 Oktoba

Mdogo wangu,

Mungu akulinde na akusamehe, maana mimi bado nasubiri kibali.

Shemeji yako anakusalimu, na yeye ndiye chanzo, kwa hiyo nianze naye. Picha ilifika. Niliifungua peke yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono mfupi wa kijani, mbele, katikati, hauna hata kivuli cha kuusitiri. Nikakaa juu ya yale magodoro iliyosafiria. Nikapanga hivi: Mama aje aione saa tisa, aondoke. Mama Mdogo aje saa kumi na moja, nimweke mbali, nimwambie rangi bado mbichi. Nikasahau kwamba saa ya Mama Mdogo ilitengenezwa na shemeji yako mwezi uliopita, na inakwenda mbele saa mbili nzima. Wakagongana mlangoni. Mjomba alikuwa nyuma yao, hakualikwa, alisikia kuna picha.

Wakaingia kila mmoja anatazama upande wake. Mjomba ndiye aliyesema kwanza. Alijitazama, akarudi nyuma, akajitazama tena. "Mbwa katoka vizuri," akasema. "Huyo mbwa ana sura yangu kuliko mimi." Kweli, mdogo wangu, sijui ulifanyaje. Nywele nazo umempa upande mmoja tu.

"Niliomba zote," akasema.

"Zilizobaki bado ziko likizo," nikamwambia, ila sauti haikutoka sawasawa.

Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, siku hizi anatazama hivyo, kama ananusa. Akaanza na magauni. Akaona nukta zake, akacheka. Akafuata mkono wake mwenyewe mpaka kwenye kiganja. Akauliza, "Na huyu aliyenishika ni nani?"

Saa kumi na saba zikawa zinasikika zote, kila moja na lake.

"Usijifanye huoni," Mama Mdogo akasema, akiwa mlangoni.

"Kweli sioni."

Nadhani Mama Mdogo hakuwa amejua, maana habari za daktari ni mimi ndiye ningempelekea, na sikumpelekea. Akaja akasimama karibu naye. Akasema polepole, "Basi ni mimi."

Maneno ya kwanza kwa miaka minane. Nikasema moyoni, Ee Mungu, ishie hapa. Haikuishia hapo. Mama alikuwa bado anatembeza kidole. "Ni wewe, lakini mbona mkono mmoja wa gauni mfupi? Huyu mtoto amesahau kuchora?"

"Hakusahau kitu, mpaka vifungo kavihesabu," Mama Mdogo akasema. Akageuka akanitazama. Halafu akatoka mbio mbio kwa umri ule, akarudi na gauni lenyewe, limekaa sandukuni tangu siku ile, linanuka karafuu. Akalilaza mezani pangu. Akauchukua utepe wangu wa kupimia, kutoka shingoni mwangu, akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto. Inchi tatu. Mjomba akaandika.

Nikawaambia yote. Nilipiga magoti nikasema, kitambaa, mteja, kiwiko, sogea kulia, kidogo tena. Nililia na kamasi. Nilipomaliza nikangoja wakumbatiane, kama nilivyokuwa nikiona kwenye maombi yangu.

"Kwa hiyo," Mama Mdogo akasema, "miaka minane mimi nimemnunia mtu bure?"

"Na mimi nimenuniwa bure," Mama akasema.

"Na kola umenishonea bure ukidhani unalipa."

"Na jogoo wangu akaitwa mwizi."

Wakaketi kwenye kochi langu. Lile dogo, la watu wawili. Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwenzake. Wakaanza kunisema, huyu akichoka huyu anapokea, wakarudi mpaka siku niliyovunja chupa ya wino nikiwa na miaka sita. Giza lilipoanza kuingia wakaondoka pamoja, Mama Mdogo akimwongoza dada yake, "kuna ngazi hapo, kuna jiwe hapo," na mlangoni hawakuniaga.

Leo ni siku ya kumi na moja. Kila alasiri wanakuja, wanaketi chini ya picha, Mama Mdogo anamwelezea Mama kila kilichomo, mpaka mapazia. Wanakunywa chai yangu. Hawanisemeshi hata neno. Wakitaka sukari wanamwambia Mjomba, "Mwambie fundi wako sukari imeisha," na Mjomba ananiambia, na mimi nimekaa hatua mbili kutoka hapo. Nafsi yangu haijawahi kupumzika namna hii. Jumatano nimeitikia "amina" ya kawaida tu.

Nimekuandikia nimechelewa kwa sababu nilikuwa nashona gauni jipya la kijani. Nimepima mara nne.

Yule mwanamke wa kinanda nimemtazama vizuri jana, walipokwisha ondoka. Ameipa mgongo sebule nzima, lakini mikono yake ni yangu, hadi kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Nimekubali kuonekana sasa. Ila picha ya sura yangu sikutumii. Umesema nyuso huziahidi, nadhani kwa sababu unazitazama kwenye karatasi, na uso wenyewe uko hapa, umevimba kidogo kwa kulia.

Njoo na brashi. Mama bado anaona nukta. Mjomba nimemwonya asikuombe nywele.

Dada yako